Gharama ya Kumpeleka Mtu Angani: Nani Hulipa, Nani Hufaidi?



Mtaa wetu wa Shahe, ambao jina lake maana yake ni Mto wa Mchanga, umo katika wilaya ya Tianhe, yaani Mto wa Mbinguni. Ndivyo Wachina walivyouita tangu kale ule ukanda mweupe wa nyota uonekanao usiku wa giza. Tarehe 29 Aprili 2021 China ilirusha sehemu ya kwanza ya kituo chake cha anga, nayo pia ikaitwa Tianhe. Herufi ya pili si ileile, na jina la kituo hicho lina maana ya upatanifu wa mbingu. Lakini masikioni majina hayo mawili hayana tofauti. Kwa hiyo watoto wetu wasomao hapa, wanapofundishwa habari za wanaanga, husikia kama kwamba wilaya yao yenyewe imepanda juu.

Watoto hufurahi, na wazazi huuliza. Mzazi aliyeamka kabla ya kupambazuka kuwahi soko la nguo za jumla, akafunga marobota, akabishana juu ya bei ya kusafirisha mzigo, na ambaye bado anadaiwa karo, ana haki ya kuuliza: je, ni halali fedha za umma kutumika kumpeleka mtu angani, ilhali duniani shida hazijesha? Wasomaji zaidi ya mmoja wametuletea swali hili, na wengine wameongeza la pili: je, serikali zetu za nyumbani nazo zifuate njia hiyo? Tumeona si vema kuyajibu kwa kejeli wala kwa vigelegele. Tuanze na hesabu.

HESABU YENYEWE

Mpango wa China wa kupeleka watu angani uliidhinishwa Septemba 1992. Tarehe 15 Oktoba 2003 Yang Liwei akawa Mchina wa kwanza kurushwa na nchi yake. Aliizunguka dunia mara 14 katika muda wa saa 21 hivi, akarudi salama. Mwaka 2012 wakuu wa mpango huo walitangaza kwamba tangu mwanzo hadi safari za Shenzhou ya 10 gharama ilikuwa takriban yuani bilioni 39.

Idadi hiyo inatisha, lakini tuigawanye. Wananchi wa China walikuwa zaidi ya bilioni 1.3. Kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, anaangukiwa na yuani 30 kwa miaka ishirini yote, yaani yuani moja na nusu kwa mwaka. Jumla hiyo ni bei ya bakuli mbili tatu za zile tambi pana za mchele zilizoupatia mtaa wetu sifa.

Sasa tuipeleke hesabu hiyohiyo nyumbani. Yuani bilioni 39 wakati ule zilikuwa kama dola bilioni 6 za Marekani. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Watanzania kuwa karibu milioni 62. Kila mmoja angeangukiwa na dola mia moja hivi, na nyumba ya watu sita dola mia sita. Kenya, ambayo sensa ya mwaka 2019 iliikuta na watu milioni 47 na ushei, mzigo ungekuwa mzito zaidi kwa kila kichwa. Roketi haimpunguzii bei mnyonge. Mwenye watu wengi na viwanda vingi hulipa asisikie maumivu, na mwenye watu wachache na mapato madogo hulipa kwa dawa za zahanati na madawati ya shule. Hivyo hakuna jibu moja liwafaalo wote.

KWA NINI MTU NI GHALI KULIKO CHOMBO

Sisi tunaoishi kwa biashara ya kusafirisha bidhaa tunaielewa haraka tofauti hii. Robota la nguo likishapakiwa katika kontena haliombi chakula, halihitaji viza, wala halikati tiketi ya kurudi. Msafiri huhitaji yote hayo. Ndivyo ilivyo angani. Setilaiti ikifika mahali pake hukaa hukohuko ikifanya kazi mpaka ichakae. Binadamu sharti abebewe hewa, maji na chakula. Alindwe na joto, baridi na mionzi. Awekewe njia ya kuokoka roketi ikiharibika. Kisha arudishwe akipita katika moto wa kuingia angahewa. Na pamoja na tahadhari zote hizo Marekani iliwapoteza wanaanga saba katika chombo cha Challenger mwaka 1986, na saba wengine katika Columbia mwaka 2003. Gharama ya safari hizi si fedha peke yake.

Wapinzani wa safari za binadamu, ambao miongoni mwao wamo wanasayansi wakubwa, husema: kama tunatafuta elimu, tutume vyombo. Ushahidi mmoja wanaoweza kuutoa uko pwani ya kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitalia lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya Wamarekani. Kwa heshima ya siku ile setilaiti ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Iligundua mamia ya vyanzo vya miale hiyo, ikasaidia kuwashawishi wataalamu kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, alipewa tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Hakuna mtu hata mmoja aliyepanda pamoja na Uhuru.

KAZI YA MKONO

Hata hivyo upande wa pili nao una hoja. Darubini ya Hubble ilipopelekwa angani mwaka 1990 iligunduliwa kuwa kioo chake kina kasoro, na picha zikawa na ukungu. Desemba 1993 wanaanga waliifuata, wakaitengeneza kwa mikono yao, na baada ya hapo wakarudi mara nne nyingine, mwisho mwaka 2009. Bila wao kifaa kile cha thamani kubwa kisingetimiza kazi kiliyokusudiwa. Wakosoaji hujibu kwamba kwa gharama za safari hizo darubini nyingine ingeweza kujengwa. Lakini waliokuwa wakisubiri picha hawakulalamika.

Tutazame pia mawe ya mwezini. Wamarekani 12 waliotua huko kati ya 1969 na 1972 walirudi na kilo 382 za mawe na udongo. Vyombo vitatu vya Urusi ya Kisovieti visivyo na watu vilileta, vyote pamoja, gramu mia tatu hivi. Binadamu mwenye macho na busara huchagua haraka. Lakini mpango ule wa Apollo uligharimu kama dola bilioni 25 za wakati ule, na mashine nazo hazikulala: Chang'e ya 5 ya China ilileta gramu 1,731 mwaka 2020, na Chang'e ya 6 ikaleta gramu 1,935 mwaka 2024 kutoka upande wa nyuma wa mwezi, ambako mguu wa mtu haujakanyaga. Pengo bado ni kubwa, ila linapungua. Pamoja na hayo, China imetangaza nia ya kuwapeleka watu wake mwezini kabla ya mwaka 2030.

SWALI LA MTAWA WA ZAMBIA

Swali linalowasumbua wazazi wa Shahe liliwahi kuulizwa na jirani yetu. Mwaka 1970 mtawa aliyefanya kazi Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia mwanasayansi wa Marekani, Ernst Stuhlinger, aliyekuwa akishughulikia mipango ya safari za watu kwenda sayari ya Mirihi. Alimwuliza ni vipi mabilioni yatumike kwa jambo hilo na huku watoto wanakufa kwa njaa. Stuhlinger alimjibu kwa barua ndefu na ya heshima. Alieleza kwamba utafiti ambao faida yake haijaonekana leo huweza kuwaokoa wengi kesho, na kwamba macho yaliyo angani yatasaidia kukadiria mavuno na kupanga chakula.

Tukiitafakari barua ile baada ya zaidi ya nusu karne, tunaona kwamba alitabiri sawasawa. Setilaiti za hali ya hewa, za mawasiliano na za kilimo zimekuja, na leo mkulima wa kwetu huzitegemea hata asipojua. Lakini sehemu kubwa ya faida hizo imeletwa na vyombo visivyo na watu. Jibu la Stuhlinger lilithibitisha thamani ya anga. Halikuthibitisha kwa nguvu ileile thamani ya kumpeleka binadamu huko. Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi, na wenye kuomba fedha hawana haraka ya kuyatenganisha.

SOMO LA MALINDI

Je, basi tuseme safari za binadamu zisitishwe? Historia ya nchi hii inatutahadharisha. Kati ya 1405 na 1433 dola ya Ming ilituma merikebu kubwa chini ya amiri Zheng He mpaka pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga katika baraza la mfalme wa China. Maofisa wa dola walilalamika kwamba safari zile zinakula hazina bure, na baada ya 1433 zikakomeshwa. Hawakuwa wapumbavu: fedha zile zilihitajika mipakani na mashambani. Lakini mwaka 1498 aliyetia nanga Malindi alikuwa Vasco da Gama, na Bahari ya Hindi ikaingia zama nyingine. Wanahistoria hubishana kama safari za Ming zingebadili lolote; jambo lisilobishaniwa ni kwamba ujuzi wa kujenga na kuongoza merikebu zile ulififia, na ujuzi ukipotea haununuliwi tena kwa siku moja.

Leo Malindi imeunganishwa tena na China kwa jambo hilihili la safari za mbali, maana China imetumia kituo kilichoko huko kuwasiliana na vyombo vya Shenzhou vinapopita juu ya pwani yetu. Wakati wa Zheng He tulitoa twiga, na sasa tunatoa mahali pa kusimamisha antena. Inafaa tujiulize kama hilo ndilo fungu letu la milele.

RAI YETU

Kwa maoni yetu, taifa kubwa lenye viwanda linaweza kumpeleka mtu angani bila kuwadhulumu raia wake, kwa masharti mawili: gharama itangazwe wazi, na isisemwe kuwa ni kwa ajili ya sayansi tu, wakati fahari ya taifa na nguvu za viwanda nazo zimo. Fahari si haramu. Tarehe 20 Juni 2013 mwanaanga Wang Yaping alipofundisha somo la fizikia akiwa angani, wanafunzi wapatao milioni 60 wa China walimsikiliza. Hakuna mashine ingewakusanya watoto wengi hivyo mbele ya somo la fizikia.

Kwa nchi zetu, wakati wa kugharamia wanaanga bado. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kwanza tupate macho ya angani, miguu itafuata. Na macho hayo tumekwisha kuyaanza. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka Kituo cha Anga cha Kimataifa; mwaka 2022 ikafuata ya Uganda, iliyoundwa na wahandisi wake vijana huko Japani. Tukiri kwamba zote mbili zilipitia mlango wa kituo kinachokaliwa na watu, kilichojengwa kwa kodi za wengine. Tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti ya Taifa-1 ya Kenya ilirushwa moja kwa moja kwa roketi huko Marekani, kwa ajili ya kilimo, mazingira na maafa. Iligharimu shilingi milioni 50 za Kenya, yaani shilingi moja na senti chache kwa kila mwananchi. Hiyo ni gharama ambayo mama muuza mboga anaweza kuelezwa akaielewa.

Kwa hiyo tunawashauri wazazi mambo mawili. La kwanza, serikali ya nyumbani ikitangaza mradi wa anga, tuulize kama twulizavyo sokoni: bei gani, nani ameuza, na mzigo utafika lini kwa mkulima na mvuvi. La pili, tusimkejeli mtoto arudiye shuleni akisema atakuwa mwanaanga. Tumpe karatasi, agawanye mwenyewe yuani bilioni 39 kwa idadi ya watu wa China, kisha kwa idadi ya watu wa kwao, na atueleze tofauti. Siku ya mapumziko tumpeleke katika Kituo cha Sayansi cha Guangdong hapa Guangzhou. Wahandisi wa setilaiti zijazo za kwetu lazima watoke mahali fulani, na huenda baadhi yao sasa wanafanyia kazi zao za shule juu ya marobota ya nguo hapa Shahe.

Asiyekubaliana nasi atuandikie. Barua zitakazotufikia kabla ya toleo lijalo tutazichapa, hasa zile zenye hesabu bora kuliko yetu.