Mbwana Samatta

Mbwana Ally Samatta (amezaliwa Dar es Salaam, 23 Desemba 1992) ni mchezaji wa mpira wa miguu kutoka Tanzania anayecheza nafasi ya mshambuliaji. Alikabidhiwa unahodha wa timu ya taifa, Taifa Stars, mwaka 2016, akaiongoza katika Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la mwaka 2019, la kwanza kwa Tanzania baada ya miaka 39.

Klabu

Samatta alichezea African Lyon na Simba kabla ya kusajiliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika. Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger na kuwa mfungaji bora wa mashindano. Januari 2016 alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara.

Mwezi huohuo alihamia Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018–19 Genk ilichukua ubingwa, naye akafunga mabao 23. Januari 2020 alijiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza. Baadaye alichezea Fenerbahçe, Antwerp kwa mkopo, Genk tena kwa mkopo, na PAOK ya Ugiriki.

Unahodha

Kocha Charles Boniface Mkwasa alimpa Samatta kitambaa akiwa na umri wa miaka 23, akichukua nafasi ya Nadir Haroub "Cannavaro", beki wa Yanga. Haroub alistaafu kuichezea timu ya taifa baada ya mabadiliko hayo. Nahodha mpya alikuwa akiishi Ulaya na kuungana na wenzake wakati wa mechi za kimataifa tu, ilhali wengi wao walicheza Simba, Yanga na klabu nyingine za nyumbani.

Katika kufuzu AFCON 2019, Tanzania ilifungwa 3–0 na Cabo Verde ugenini Oktoba 2018. Siku chache baadaye ilishinda marudiano 2–0 Dar es Salaam, kwa mabao ya Simon Msuva na Samatta. Hadi mechi ya mwisho, Tanzania na Lesotho zilikuwa na pointi 5 kila moja, na Lesotho ilikuwa mbele kwa matokeo ya timu hizo mbili zilipokutana. Ushindi pekee haukutosha; Lesotho nayo ilipaswa kukosa ushindi. Tarehe 24 Machi 2019 Tanzania iliifunga Uganda 3–0, na Lesotho ikatoka sare na Cabo Verde.

Nchini Misri Tanzania ilipoteza mechi zote tatu. Dhidi ya Kenya iliongoza mara mbili, bao la pili likifungwa na Samatta, lakini ikafungwa 3–2.

Sare ya 0–0 na Algeria mjini Annaba, Septemba 2023, iliirudisha Tanzania kwenye AFCON. Nchini Kodivaa ilifungwa na Moroko, kisha ikatoka sare na Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ilitolewa hatua ya makundi ikiwa na pointi 2.