Kompyuta Ikisoma Picha ya Kifua Chako

Msomaji, huenda siku moja picha ya kifua chako ikasomwa na kompyuta kabla ya daktari kuiona. Je, uiamini? Kwanza ujue jinsi mashine hizi zinavyofundishwa, na mfano mzuri uko hapa kwetu, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri.

Hapo ndipo anapofundisha Profesa Ciira wa Maina. Alisomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Nairobi, akapata shahada ya uzamifu huko Drexel, Marekani, mwaka 2011, kisha akafanya utafiti Sheffield, Uingereza, kabla ya kurudi nyumbani. Mwaka 2015 chuo chake kiliandaa mafunzo ya Data Science Africa, ambayo yalifuatia Kampala mwaka 2016 na Arusha 2017.

Yeye na wenzake hunasa sauti za ndege wa eneo la Mlima Kenya, kwa kuwa ndege huonyesha kama msitu una afya. Kompyuta haizaliwi ikiwajua ndege hao. Hupewa sauti nyingi, na kila moja mtu mjuzi ameiandikia jina la ndege wake. Ikifundishwa ndege wa Ulaya pekee, itakosea kwa wa kwetu.

Picha za kifua ni vivyo hivyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za akili unde zitumike kuchuja kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Huko Makerere, Uganda, watafiti wamefundisha kompyuta kutambua vimelea vya malaria katika picha za damu zilizopigwa kwa simu kupitia hadubini.

Basi, ukipimwa kwa njia hii, kumbuka mambo haya:

1. Kompyuta hushuku tu. Kifua kikuu huthibitishwa kwa kupima makohozi.

2. Ikiwa uliwahi kuugua kifua kikuu, sema mapema. Makovu ya zamani yanaweza kuipotosha mashine.

3. Ukiambiwa huna kitu, lakini bado unakohoa kwa zaidi ya wiki mbili, unatoka jasho usiku, unakonda au unatema damu, rudi hospitali. Nyeri, Karatina na Nanyuki baridi ya mlima hulaumiwa kwa kila kikohozi, na wagonjwa huchelewa.

4. Usiache wala kubadilisha dawa kwa sababu ya jibu ulilopewa na simu.

Hatari kubwa ni kununua mashine zilizofundishwa kwa vifua vya watu wengine, nasi tukakosa wa kuzikagua. Kwa hiyo mtoto wako akitaka kusomea kompyuta badala ya udaktari, usihuzunike. Wagonjwa wanamhitaji pia.