Kumbukumbu ya Kompyuta: Chama Kisilipie Kasi Isiyotumika

Katika vyama vya msingi vya Kilosa na Mikumi, kama kwingineko nchini, kompyuta sasa ni chombo cha kazi sawa na mizani. Kwa kompyuta hiyo taarifa za chama huingizwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU. Inapokuwa nzito, mafundi hushauri iongezewe kumbukumbu, kile kipande chembamba kiitwacho ramu. Ushauri huo mara nyingi ni sahihi. Lakini ramu isiyolingana na kompyuta ni fedha ya wanachama iliyopotea, na katibu aliyeifuata Morogoro hulazimika kulipa nauli mara ya pili.

Kizazi kwanza

Ramu huchomekwa katika bodi kuu ya kompyuta, na kwa kawaida kila bodi hupokea kizazi kimoja tu. DDR3 ilianza kutumika mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014, na kanuni za DDR5 zilitolewa mwaka 2020. Kila kizazi kina pengo mahali pake, hivyo kipande cha kizazi kingine hakiingii. Kisilazimishwe, kwani bodi itaharibika. Aidha, ramu ya kompyuta ya mezani ni ndefu kuliko ya kompyuta mpakato. Ramu za seva nazo, hata zikiuzwa kwa bei nafuu, nyingi hazifanyi kazi katika kompyuta za kawaida.

Kasi baadaye

Kasi huandikwa kwa tarakimu, kwa mfano DDR4-2400 au DDR4-3200. Lebo ikiandika PC4-19200, tarakimu hiyo igawanywe kwa 8, na jibu, 2400, ndiyo kasi.

Yafaa ieleweke kwamba bodi na prosesa vina kikomo chao. Katika barabara kuu ipitayo ndani ya Hifadhi ya Mikumi, gari lenye nguvu nalo hufuata mwendo uliowekwa ili kulinda wanyama. Vivyo hivyo, ramu ya 3200 ikiwekwa katika bodi yenye kikomo cha 2400, huenda kwa 2400. Zikiwekwa mbili zenye kasi tofauti, zote hufuata iliyo ya polepole.

Kwa hiyo, kwa kazi za ofisi, kuongeza ukubwa kutoka gigabaiti 4 hadi 8 kuna faida kuliko kulipia kasi kubwa. Hata hivyo, Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 4.

Kabla ya kusafiri

1. Kompyuta izimwe, waya wa umeme uchomolewe, na maandishi yote ya lebo ya ramu yanakiliwe.

2. Jina na namba ya bodi viandikwe, na kikomo cha ukubwa na kasi kitazamwe katika kitabu chake au kwa mtengenezaji.

3. Nafasi zilizo wazi zihesabiwe.

4. Muuzaji akubali kwa maandishi, juu ya stakabadhi, kukibadilisha kipande kisipofanya kazi.

5. Kifaa kiingizwe katika daftari la mali za chama.

Karatasi moja yenye maelezo hayo mfukoni mwa katibu huokoa safari nzima. Fedha ya chama ni jasho la wakulima wa miwa, ufuta na mbaazi, nayo haina budi kununua kile tu kitakachofanya kazi.