Msasa Hauna Kazi Kwenye Springi

Swali ni lilelile, anayebadilika ni muulizaji tu: "Fundi, zile springi za spika nizisugue kwa msasa namba ngapi?" Hakuna namba. Rudisha msasa kwa seremala.

Nazungumzia zile springi ndogo zinazobonyea, ambazo hugusa pedi za spika, antena au chaji mfuniko unapofungwa, bila waya wala risasi. Vijiweni watu wanaamini kwamba zikisuguliwa mpaka zing'ae, umeme utapita vizuri zaidi. Na kweli hupita, kwa muda. Ndiyo maana imani hii haifi: mteja anaondoka spika ikiimba, fundi ameshatia hela mfukoni, na simu ikirudi lawama anabebeshwa aliyeuza spika.

Unachokiona kinang'aa baada ya msasa si usafi, ni metali ya ndani iliyobaki uchi. Dhahabu iliyopakwa kwenye pedi ya bodi mara nyingi haifiki hata mikromita 0.1, ilhali unywele wako una unene wa mikromita kati ya 50 na 100. Pitisha msasa mara moja, hata ule laini kabisa, dhahabu imekwisha. Chini yake kuna nikeli, na chini ya nikeli kuna shaba, ambayo ikipata jasho na hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa hugeuka kijani. Tena dhahabu haikuwekwa pale kwa sababu inapitisha umeme kuliko metali zote. Fedha na shaba zinaishinda. Iliwekwa kwa kuwa haishiki kutu. Sasa ukiikwangua, umebakiza nini?

Utaniambia ulipima na mita ikalia. Mita hulia ovyo! Nyingi hulia hata penye ukinzani wa ohm 30. Springi ya chaji ikibebeshwa ampea 2, nusu ohm tu inatosha kumeza volti 1 nzima: zimetoka 5, zinafika 4, na mita yako ingali inalia kwa furaha.

Wapo pia wa karatasi ya alumini ya pakiti ya sigara, wanaoikunja na kuichomeka chini ya springi. Alumini hujifunika ngozi isiyopitisha umeme, na kipande kikichomoka kitatembea juu ya bodi kutafuta pa kupigisha shoti.

Mara nyingi tatizo si uchafu hata kidogo. Springi imelala, haisukumi, na bila msukumo hakuna mguso. Itazame kwa ubavu, ilinganishe na jirani yake.

Basi fanya hivi. Chomoa betri kwanza. Safisha kwa pamba na alkoholi ya isopropili, acha ikauke. Iliyolala iinue kwa kibano, kidogo sana. Iliyovunjika au kuchakaa ibadilishe, usiinyooshe mara kumi. Kwenye rimoti ambayo betri ya alkalini imevujia ukoko mweupe, gusa kwa siki kidogo, kisha pitisha alkoholi. Pedi iliyokwisha kukwanguliwa ipake risasi nyembamba, ila ni matengenezo ya muda. Na kama aliyeikwangua ni wewe, mwambie mteja kabla hujafunga mfuniko.