MWANAFUNZI WA SEKONDARI NA MAKTABA YA CHUO KIKUU: MFANO WA MAJI YA SINGIDA

Mwanafunzi wa shule ya sekondari amezoea kupewa swali pamoja na kitabu chenye jibu lake. Katika kazi na maisha mambo huwa kinyume: swali huja peke yake, na jibu lake limetawanyika katika vitabu, majarida na taarifa ambazo hakuna aliyezikusanya kwa ajili yake. Ustadi wa kulitafuta jibu la namna hiyo ndio mwanzo wa utafiti, nao hufundishika. Mojawapo ya njia za kuufundisha ni ziara ya maktaba ya chuo kikuu, mradi ziara hiyo iwe na swali.

Swali kabla ya safari

Wanafunzi wanaopelekwa maktabani bila swali huona rafu nyingi, hustaajabu, kisha hurudi nyumbani. Wanaokwenda na swali hujifunza njia. Mkoa wa Singida hauna upungufu wa maswali. Chukua mfano mmoja: kwa nini katika baadhi ya vijiji watu wana meno yenye madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki?

Swali hili lina historia. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alianza kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana madoa ya aina hiyo. Aligundua kwamba waliozaliwa na kukulia mjini ndio walioathirika, na waliohamia wakiwa watu wazima walisalimika. Alishuku maji ya kunywa, lakini vipimo vya wakati ule havikuonyesha kitu. Ilipofika mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipata jibu: maji yale yalikuwa na floraidi nyingi. Kati ya swali na jibu ilipita miaka 30. Mwanafunzi wa leo anaweza kuifuata njia hiyo kwa siku moja, kwa sababu wengine waliandika walichokiona.

Swali moja, rafu tatu

Jambo la kwanza la kumshangaza mgeni wa maktaba ni kwamba hakuna rafu iitwayo "meno ya Singida". Vitabu hupangwa kwa fani. Katika mpango wa Dewey, uliotolewa kwanza mwaka 1876 na kutumiwa na maktaba nyingi za umma na za shule, udaktari wa meno upo kwenye namba 617.6, maji ya chini ya ardhi kwenye 551.49, na ugavi wa maji kwenye 628.1. Vyuo vikuu vingi hufuata mpango wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambao hutumia herufi: RK kwa meno, GB kwa elimu ya maji ya ardhini, TD kwa usafi na ugavi wa maji. Kwa mpango wowote ule, swali moja limegawanyika katika rafu tatu zilizo mbalimbali.

Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kulivunja swali lake katika maneno ya msingi: floraidi, maji ya visima, miamba, meno, Tanzania. Kwa maneno hayo huitafuta orodha ya vitabu. Zamani orodha hiyo ilikuwa kabati la kadi. Siku hizi aghalabu ipo katika kompyuta, lakini kanuni haikubadilika. Akishapata kitabu, hakisomi chote. Hutazama yaliyomo mwanzoni, kisha faharasa mwishoni, na kufungua kurasa zinazohusika tu. Hapo atajifunza kwamba floraidi hutoka katika madini yaliyomo ndani ya mawe, yakiwamo mawe ya matale kama yale majabali makubwa yanayoizunguka Singida. Kwamba maji yaliyokaa muda mrefu ardhini huyeyusha zaidi. Na kwamba madoa hutokea wakati meno ya mtoto yanapoumbika, kabla hayajachomoza. Ndiyo maana wageni wa McKay waliofika wakiwa watu wazima walisalimika.

Mwaka wa kuchapishwa

Somo lililo muhimu kuliko yote ni dogo kwa macho: kutazama mwaka wa kuchapishwa. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 za floraidi kwa lita moja kwa maji ya vijijini, kwa kuwa sehemu nyingi hazikuwa na chanzo kingine. Baadaye kiwango hicho kilishushwa hadi miligramu 4, na kiwango cha taifa cha mwaka 2018 ni miligramu 1.5, sawa na kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Tuseme kisima kimepimwa na kuonekana kina miligramu 3. Mwanafunzi aliyesoma kitabu cha zamani ataandika kwamba maji hayo ni salama. Aliyesoma taarifa mpya ataandika kwamba hayafai kwa watoto. Wote wawili wamenakili kwa uaminifu, lakini mmoja amewapotosha wanakijiji. Ndiyo sababu kila dondoo huandikwa pamoja na jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Haya si mapambo ya kumfurahisha mwalimu. Ni njia ya msomaji mwingine kurudi kwenye chanzo na kukihakiki.

Uhakiki huo huhusu pia maneno ya mitaani. Wapo wanaodhani kuchemsha maji huondoa kila dhara. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haitoki kwa mvuke; maji yakipungua, floraidi huzidi kukolea. Njia moja iliyofanyiwa kazi nchini, katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha, ni kuyachuja maji kwa makaa ya mifupa.

Mahali pa kuanzia

Shule za Singida hazina haja ya kungoja safari ndefu. Huduma za maktaba za umma ziliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Mjini Singida ipo maktaba ya mkoa, na hapo ndipo wanafunzi waweza kujizoeza orodha na namba za vitabu. Mjini humohumo ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, ambayo kazi yake ni kusimamia vyanzo vya maji. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kipo takriban kilomita 240. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 2018, ilijengwa kwa uwezo wa kuhudumia wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja.

Mwalimu anayepanga ziara na amwandikie mkutubi mapema, amtumie maswali ya wanafunzi, na kuwagawa katika vikundi vidogo, kila kikundi na swali lake. Wakirudi, kila kikundi kiandike ukurasa mmoja na kuusoma mbele ya shule, na ikiwezekana mbele ya kamati ya maji ya kijiji. Wanaokunywa maji ya kisima ndio wenye haki ya kwanza ya kulijua jibu.