Kwa Nini Hatusikii la Daktari? Iko Shahada ya Kulijibu Swali Hilo

Je, msomaji, chai yako waipenda ya moto kiasi gani? Swali hili si mzaha ukilipeleka Sigor, Chepalungu, katika Kaunti ya Bomet. Huko, kama kwingineko Bomet na Kericho, nchi ya majani chai, mgeni huandaliwa chai ya maziwa inayofuka mvuke, na kuikataa ni kumvunjia mwenyeji heshima.

Mwaka wa 2002, madaktari wa hospitali ya misheni ya Tenwek, Bomet, waliripoti katika jarida la Lancet kwamba saratani ya umio, yaani njia ya chakula, ilikuwa ya kawaida katika eneo hilo, hata kwa vijana. Mgonjwa huanza kwa kukwamwa na ugali, kisha uji, na mwishowe hata maji hayapiti. Chanzo chake hakijabainika kikamilifu. Hata hivyo, mwaka wa 2016 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kilisema kuwa vinywaji vinavyozidi joto la nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hiyo.

Sasa, utamwambiaje mama wa Sigor aiache chai ipoe? Hapo ndipo inapohitajika shahada ya uzamili ya afya ya umma, hasa tawi la tabia za watu na ukuzaji wa afya.

Taaluma hii haifunzi kuamrisha watu. Katika miaka ya 1950, wanasaikolojia wa idara ya afya ya Marekani walishangaa kuona watu wengi hawajitokezi kupigwa eksirei ya kifua kikuu, ingawa ilikuwa ya bure na magari yalifikishwa mitaani. Walieleza kuwa mtu huchukua hatua akiamini kwamba ugonjwa unaweza kumpata yeye, kwamba ni hatari, na kwamba faida ya hatua hiyo inashinda usumbufu wake. Mkataba wa Ottawa wa 1986 nao ulisisitiza sera, mazingira na nguvu za jamii yenyewe.

Nchini Kenya, vyuo vikuu vya Nairobi, Moi na Kenyatta ni miongoni mwa vinavyofunza afya ya umma katika kiwango cha uzamili. Mwanafunzi husoma takwimu, kuenea kwa magonjwa, tabia za watu na jinsi ya kupanga na kutathmini miradi ya afya, kisha hufanya utafiti wake.

Mtaalamu kama huyo akifika Sigor hataanza kwa kubandika mabango. Ataketi na kusikiliza: nani humimina chai, na kwa nini hupendwa ya moto? Pengine wanakijiji wenyewe watapendekeza chai imiminwe mapema, salamu ziendelee, ndipo mgeni akaribishwe. Heshima ibaki, na koo lisalimike.

Kwa hivyo, wewe mwenye shahada ya uuguzi au sosholojia, usidhani afya ni kazi ya madaktari peke yao. Na ukikaribishwa chai leo, isubiri kidogo. Chakula kikianza kukukwama, nenda hospitalini mapema.