Kutafuta kazi baada ya miaka 40
Fungu: Mathayo 20:1-16



Katika makanisa yetu ya Kindu, toka Kasuku mpaka Alunguli, tuko na baba na mama wenye miaka 45 ao 50 wanaobeba dosie toka ofisi hii mpaka ile. Wanaambiwa, "Tutakuita." Simu hailii. Watoto wanafukuzwa shuleni, na baba anaacha kuja kanisani kwa sababu hana sadaka. Na sisi tunamwongezea mzigo: huyu anasema ni uvivu, yule anasema ni dhambi ya kifichoni, mwingine anasema ni uchawi wa ukoo.

Tufikiri vizuri. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka katika soko la dunia, na wazee wetu waliofanya kazi SOMINKI, kule Kalima na kwingine, waliona taabu. Bei ile haikuangushwa na mchawi wa ukoo. Kisha vita, mashirika ya misaada yalikuja. Mradi ukiisha, mkataba nao unaisha. Na matangazo mengine ya kazi yanakataa mtu aliyepita miaka 35. Mtu anaweza kuomba, kufunga na kutembea kila siku, na bado akose.

Katika mfano wa Yesu, mwenye shamba aliwakuta watu sokoni saa ya kumi na moja ya Wayahudi, yaani karibu saa 17 yetu. Aliwauliza sababu ya kusimama pale mchana kutwa. Walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Alikubali jibu lao, akawapeleka shambani. Jioni aliwapa dinari moja, malipo ya siku nzima, maana nyumba ya kibarua ilikula kwa dinari ile. Kipande chake kisingetosha.

Basi, ndugu unayetafuta, usijifiche. Ujiandikishe ONEM, Ofisi ya Taifa ya Kazi. Anayekuomba feza ili apitishe dosie yako, umkimbie. Na kazi ndogo si haya: mtume Paulo alishona hema kule Korintho huku akihubiri (Matendo 18:3).

Nawe uliye na kazi, ukisikia tangazo usilifiche. Ukiwa na ukuta wa kujenga ao hesabu za kuandika, umwite kwanza yule ndugu, na umlipe siku ileile. Asipoonekana Jumapili, uende kwake, wala usianze kwa kumuuliza dhambi yake.

Mwenye shamba alitoka mara tano siku ile kutafuta watu. Sisi tumetoka mara ngapi mwezi huu?

Bwana awabariki.